UZI: Kuweka besilaini ya ratiba na kuifuatilia bila kuiharibu (MS Project, Primavera P6, Excel)

MpangaKazi

Wakuu, maswali ya besilaini yamezagaa humu jukwaani kila mtu na uzi wake. Tuyaweke sehemu moja. Naanza na MS Project (programu ya kupanga ratiba) maana ndiyo imejaa kwenye kompyuta za saiti hapa Dar. Wa P6 mtajazia chini.

Besilaini ni nakala ya ratiba iliyogandishwa siku ilipokubaliwa. Ratiba hai inasogea kila wiki, nakala haisogei, na pengo kati yake ndilo unalolibeba kwenda kwenye kikao cha saiti. Kubofya ni kazi ya nusu dakika. Kinachowaumiza watu ni kugandisha ratiba mbovu, halafu miezi sita wanaripoti tofauti dhidi ya takataka.

Kabla hujagusa chochote, fungua safu ya "Task Mode". Shughuli yoyote yenye alama ya pini imepangwa kwa mkono, maana yake shughuli tangulizi ikichelewa yenyewe haitasogea. Zigeuze zote ziwe "Auto Scheduled". Kisha fungua safu ya "Predecessors" na uchuje zilizo tupu. Inayostahili kubaki tupu ni ya kuanzia mradi na labda mbili tatu zenye sababu. Halafu safu ya "Constraint Type". Ukimkuta mtu amejaza tarehe za kuanza kwa kuandika moja kwa moja kwenye "Start", kila mstari utakuwa na "Start No Earlier Than". Rudisha "As Soon As Possible", umwachie kiunganishi (kifungo kati ya shughuli na tangulizi yake) kazi yake. Tarehe ya mkataba iweke kwenye "Deadline", usiweke "Must Finish On", kwa sababu "Must Finish On" inaishikilia tarehe hata pale kazi imeshachelewa.

Ndipo sasa: "Project" juu, "Set Baseline", "Set Baseline", chagua "Baseline" isiyo na namba, "Entire project", OK. Rudia palepale, safari hii chagua "Baseline 1". Kwa nini mara mbili? Programu ina nafasi 11, ile isiyo na namba na nyingine 1 mpaka 10. Safu za tofauti zilizo tayari, "Start Variance" na "Finish Variance", zinasoma isiyo na namba peke yake. Hiyo ndiyo utakayoigusa nyongeza za kazi zikikubaliwa. Namba 1 ni ya kabatini, haiguswi mpaka makabidhiano.

Kinachohifadhiwa ni tarehe za kuanza na kumaliza, muda, saa za kazi na gharama. Viunganishi havihifadhiwi, wala kalenda. Kwa hiyo hifadhi pia nakala ya faili zima siku hiyohiyo, jina liwe na tarehe. Na "Set interim plan" iliyo kwenye dirisha hilohilo isikuchanganye: hiyo kwa kawaida inachukua tarehe tu.

---

Nondo16

Mkuu MpangaKazi, shukrani. Swali: mradi ni ghorofa 4 Sinza, besilaini ipo, mteja kaongeza tangi la maji la chini ya ardhi, shughuli 9. Nimeziingiza zote. Ajabu ni kwamba "Finish Variance" yake inasoma 0 wakati kila mtu saitini anajua zimechelewa. Niweke besilaini upya mradi mzima?

---

MpangaKazi

Usithubutu mkuu! Ukiweka upya mradi mzima utafuta ucheleweshaji wote uliokusanyika mpaka leo, na tofauti itarudi sifuri kila mahali.

Hizo 9 zinasoma 0 kwa sababu hazina besilaini kabisa. Weka safu ya "Baseline Finish" utaona imeandikwa NA, yaani hakuna tarehe. Programu ikikosa cha kulinganisha inakupa sifuri, na sifuri hiyo inafanana sura na ya shughuli iliyokwenda sawa. Ndiyo maana kila ripoti inayotoka ipite kwanza kwenye kichujio cha "Baseline Finish" sawa na NA.

Kama maelekezo ya maandishi ya nyongeza hayajatoka, ziache na NA. Yakitoka, chagua mistari ile 9 tu, "Set Baseline", "Selected tasks". Hapo chini kuna visanduku viwili. Kile cha "To all summary tasks" kinapandisha tarehe mpya mpaka kwenye shughuli mama zote. Kitie tiki ikiwa muda wa ziada umekubaliwa pamoja na kazi. Kama kazi imekubaliwa bila muda, kiache wazi, la sivyo tarehe ya mwisho ya besilaini ya mradi inaweza kusogea bila mtu kusaini.

Mtego ndani ya mtego: usichague mstari wa shughuli mama ukiwa kwenye "Selected tasks" bila visanduku hivyo. Utachukua tarehe zake za sasa, pamoja na ucheleweshaji wa watoto wake wote, na kuzifanya ndizo msingi. Jumla inaonekana safi, ndani kumeoza.

Na kazi iliyofutwa na mteja usiifute mstari. Ukifuta, besilaini yake inaondoka nayo. Kama haijaanza, tumia "Inactivate" kwenye toleo la Professional; mstari unabaki umekatwa katikati na kila mtu anaona kilichotolewa.

---

Kalenda_Mbili

Mmeruka kalenda wakuu, na huko ndiko kunakooza mapema.

Kalenda ya kawaida ya programu ni Jumatatu mpaka Ijumaa, saa 8 kwa siku. Saiti za Dar zinafanya kazi siku 6. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Wengi wanagawa saa 8 Jumatatu hadi Ijumaa na 5 Jumamosi. Kisheria safi, ila kwenye programu "siku" moja bado ni saa 8, hivyo Jumamosi inahesabiwa kama sehemu ya siku. Shughuli ya siku 6, yaani saa 48, ikianza Jumatatu asubuhi itakuwa imekula saa 45 mpaka Jumamosi mchana, na itamalizikia Jumatatu inayofuata saa 5 asubuhi. Shughuli inayofuata inaanza saa hiyohiyo. Baada ya mistari 40 kila kitu kinaanza katikati ya siku, na tofauti zinasoma 1.38, 0.63, vitu ambavyo mkandarasi hawezi kumweleza mteja.

Kwa kupanga, gawa saa 7.5 kwa siku 6, jumla 45. Saa 2 asubuhi mpaka saa 6 mchana, saa 7 mpaka saa 10 na nusu. Kisha "File", "Options", "Schedule": "Hours per day" 7.5, "Hours per week" 45, "Days per month" 26, na muda wa kuanza na kumaliza ulingane na kalenda. Yote haya KABLA ya besilaini. Muda unatunzwa kwa dakika, siku ni namna ya kuonyesha tu. Ukigandisha kwa 8 halafu ukabadilisha kuwa 7.5, shughuli iliyokuwa siku 10 kwenye besilaini itasoma 10.67 na utaanza kutafuta mchawi.

Sikukuu zijazwe zote: Karume, Muungano, Mei Mosi, Sabasaba, Nanenane, Nyerere Dei, Uhuru na nyinginezo. Idd weka tarehe inayotarajiwa. Mwezi ukiandama siku tofauti, rekebisha kalenda. Besilaini itabaki palepale na utaona tofauti ya siku moja hapa na pale. Iandike kwenye maelezo ya ripoti, usiifiche.

---

Nondo16

Kwa hiyo tofauti inahesabiwa kwa siku za kazi au za kalenda ya ukutani?

---

Kalenda_Mbili

Za kazi. Mfano: slabu ya ghorofa ya kwanza, siku 10, besilaini inaanza Jumatatu 6 Julai 2026. Jumanne 7 ni Sabasaba, Jumapili ya 12 hakuna kazi, hivyo inaisha Ijumaa 17. Saiti wakaanza kufunga mbao Alhamisi 9. Itaisha Jumatatu 20. Kwa ukutani wamechelewa siku 3. "Start Variance" itasoma 2, "Finish Variance" 2, kwa kuwa Sabasaba na Jumapili haziingii. Mteja atabisha. Andika tu juu ya jedwali kwamba siku ni za kazi.

Kwenye MS Project namba chanya ni kuchelewa, hasi ni kuwahi. Programu nyingine msiichukulie hivyohivyo. Tafuta shughuli moja unayojua imechelewa, angalia ishara yake, ndipo utume ripoti.

---

SaitiOfisi

Naongezea kwenye kusasisha, kwa sababu besilaini safi na sasisho chafu ni kazi bure.

Kosa namba moja ni kuandika asilimia peke yake. Chukua slabu hiyohiyo. Ukiandika 50 kwenye "% Complete" bila kitu kingine, programu inajaza "Actual Start" yenyewe kwa tarehe iliyopangwa, yaani 6 Julai. Kuchelewa kuanza kumefutika, "Start Variance" ni 0, na hakuna ujumbe wowote wa kukuonya.

Utaratibu uwe huu. Kwanza "Project", "Status Date" (tarehe ya hali), weka siku ya kufunga taarifa, tuseme Jumamosi jioni. Ukiiacha tupu, programu inatumia tarehe ya leo na kila anayefungua faili anapata hesabu yake. Kisha kwa kila shughuli iliyoguswa wiki hiyo: andika "Actual Start" ya kweli kutoka kwenye daftari la saiti, halafu "Remaining Duration" kutoka kwa fundi mkuu. Muulize "bado siku ngapi?", usimuulize "umefika asilimia ngapi?". Asilimia ya fundi huwa 80 hadi siku ya kukabidhi. Zilizokwisha zijaze "Actual Finish". Mwisho, "Update Project", "Reschedule uncompleted work to start after", tarehe ileile ya hali. Hapo kazi ambazo hazijafanyika zinasukumwa mbele. Usipofanya hivyo unakuta kazi ya wiki iliyopita ambayo haijaanza bado imekaa wiki iliyopita, kana kwamba muda unaweza kurudi nyuma.

Kwa kuangalia: mwonekano wa "Tracking Gantt" unaweka mstari wa kijivu wa besilaini chini ya mstari hai. Jedwali ni "View", "Tables", "Variance". Ukitaka tofauti dhidi ya Baseline 1 ile ya kabatini, tengeneza safu ya "Duration1" yenye fomula ProjDateDiff([Baseline1 Finish],[Finish]).

---

P6_Kinondoni

Zamu ya Primavera. Huku besilaini ni mradi mzima ulionakiliwa, pamoja na viunganishi na kalenda, si safu za tarehe ndani ya faili. Faida kubwa sana siku ya madai.

"Project", "Maintain Baselines", "Add", "Save a copy of the current project as a new baseline". Itajipa jina la mradi likifuatiwa na B1. Ibadilishe iwe kitu kinachosomeka, mfano "Ratiba ya awali iliyokubaliwa", pamoja na tarehe. Kuihifadhi hakutoshi. Lazima uende "Project", "Assign Baselines" na kuipangia nafasi ya "Project Baseline".

Hapo ndipo wanapodondokea. Ukiacha "Current Project" kwenye nafasi ile, P6 inaulinganisha mradi na wenyewe. Safu za besilaini zitakuwa na tarehe, mistari itaonekana kwenye chati, kumbe ni kioo.

La pili: nafasi za besilaini za "Primary", "Secondary" na "Tertiary" ni za mtumiaji mmoja mmoja. Wewe unaona besilaini ya awali, mwenzako meza ya pili kapanga ya mwezi jana, na mnabishana kwenye kikao kila mtu ana namba zake halali. Ripoti rasmi zitoke kwenye safu za "BL Project Start" na "BL Project Finish" peke yake.

La tatu ni la ndani zaidi. Kwenye mpangilio wa thamani iliyopatikana (thamani ya kazi iliyokwisha fanyika) kuna chaguo la tarehe zipi zisomwe kutoka kwenye besilaini, na chaguo-msingi ni "Budgeted values with planned dates". Kama besilaini imetokana na ratiba ambayo tayari ina maendeleo ndani yake, "planned dates" zinaweza kutofautiana kabisa na tarehe unazoziona kwenye safu za "Start" na "Finish". Badilisha iwe "At completion values with current dates". Besilaini iliyopigwa kabla kazi yoyote haijaanza kwa kawaida haina tatizo hili.

La nne: faili la XER, ambalo P6 hutumia kuhamisha miradi, halibebi besilaini. Umemtumia mhandisi mshauri XER, yeye anafungua, haoni kitu cha kulinganisha. Tuma XML na uchague miradi ya besilaini wakati wa kutoa, au tuma besilaini kama mradi wake na umwelekeze atumie "Convert another project". Akifanya hivyo mradi ule utatoweka kwenye orodha yake; haujapotea, umekuwa besilaini, na "Restore" inaurudisha. "Activity ID" za pande zote mbili zifanane.

---

Kibla_ya_Saiti

Mimi nina ubishi kidogo. Mabosi wengi wanataka besilaini mpya kila mwezi. Ubaya uko wapi? Nafasi si zipo 11?

---

KalamuNyekundu

Ubaya uko kwenye mkataba, mkuu.

Chukua FIDIC ya 1999 (mkataba wa kimataifa wa ujenzi), kitabu chekundu, kifungu 8.3. Mkandarasi anawasilisha ratiba ya kina ndani ya siku 28 tangu apokee taarifa ya kuanza, na mhandisi ana siku 21 za kusema wapi haiendani na mkataba. Akinyamaza, mkandarasi anaendelea nayo. Besilaini ya kwanza ni hiyo iliyopita hapo, wala si ile uliyogandisha siku ya kujaza zabuni. Kifungu hichohicho kinakutaka ulete ratiba iliyorekebishwa kila inapoacha kuendana na hali halisi. Watu wanasoma hapo wanadhani wameruhusiwa kuweka besilaini mpya. Ratiba iliyorekebishwa inaonyesha unakusudia kumaliza vipi. Tarehe ya kukamilisha inabadilika kwa nyongeza ya muda iliyokubaliwa tu, 8.4. Na mpango wa kufidia kuchelewa kwako mwenyewe, 8.6, nao haubadilishi tarehe.

Kwa hiyo besilaini mpya ni nyongeza ya muda ikikubaliwa, au mabadiliko makubwa ya kazi yenye sahihi. Andika namba ya barua kwenye maelezo ya besilaini. Ukisogeza kila mwezi, siku ya kudai unakosa pa kusimamia: ratiba yako yenyewe inasema hukuchelewa kamwe. Taarifa ya madai 20.1 inahesabu siku 28 tangu ujue au ulipopaswa kujua tukio, na "ulipopaswa kujua" itatafutwa kwenye tofauti za besilaini.

Bosi akitaka kuona mwezi dhidi ya mwezi, mpe. Kwenye P6 nakili sasisho la mwezi jana liwe besilaini ya pili, ulipangie "Secondary". Kwenye MS Project tumia namba za mwishoni, 9 na 10, kwa kupokezana. Isiyo na namba isiguswe kwa ajili ya hilo.

---

Kontena40

Kwenye lifti, jenereta na vioo vinavyotoka nje: msiweke usafirishaji na bandari kama siku za kusubiri kwenye kiunganishi. "FS+45d", yaani anza siku 45 baada ya tangulizi kumalizika, haina besilaini, haina "Actual Start", haina tofauti. Meli ikichelewa, utaona ufungaji wa lifti umechelewa bila mstari wowote unaoeleza kwa nini, na lawama inaangukia kwa fundi wa lifti. Vunja: oda na malipo ya awali, utengenezaji, safari ya baharini, kutoa mzigo bandarini, kusafirisha mpaka saiti. Mistari mitano, kila mmoja na mhusika wake.

Zege vilevile. Kusubiri kabla ya kutoa miti ya chini ya slabu iwe shughuli, na muda wake uandike kwa siku mfululizo, mfano "14ed", ili Jumapili na sikukuu zihesabiwe. Zege haliendi likizo Sabasaba.

---

Kalenda_Mbili

Hapo ongeza mvua. Kazi za udongo na msingi zipewe kalenda yao yenye siku chache Machi hadi Mei. Msingi uliopangwa Februari ukiteleza wiki mbili, unaingia kwenye masika na tofauti inaweza kuruka kutoka siku 12 mpaka 20 bila mtu kufanya kosa jipya. Eleza hivyo kwenye ripoti.

---

Bi_Makadirio

Na fedha. Besilaini ikiwa na gharama kila mstari, programu inakokotoa thamani iliyopatikana hadi tarehe ya hali. Tuseme bajeti ni bilioni 1.2, iliyopaswa kufanyika mpaka leo ni milioni 480, iliyofanyika ina thamani ya milioni 420. SPI (kipimo cha kasi ya kazi dhidi ya ratiba) ni 420 gawa kwa 480, yaani 0.875, na pengo ni milioni 60. Kwenye MS Project besilaini gani itumike inachaguliwa "File", "Options", "Advanced". Wengi hawajui kwamba sehemu hiyo ipo. Hapohapo unaweza kubadili hesabu isome "Physical % Complete", ambayo unaijaza kwa vipimo vya kazi badala ya muda uliopita.

Ila msiiabudu SPI. Marumaru na vioo vikifika mapema vinaweza kuipandisha mpaka 1.05 wakati slabu ya pili imekwama na ndiyo inayobeba tarehe ya mwisho. Na mradi ukikamilika SPI inakuwa 1 hata kama umechelewa mwaka. Iende sambamba na "Finish Variance" ya mstari wa makabidhiano.

---

Nondo16

Na sisi wa kazi ndogo tusio na leseni?

---

MpangaKazi

ProjectLibre ni ya bure na ina "Save Baseline". GanttProject nayo ina besilaini, kwa ratiba nyepesi inatosha.

Kwenye Excel: nakili safu za kuanza na kumaliza, zibandike pembeni kwa "Paste Special", "Values", kisha uzifunge kwa "Protect Sheet". Bila "Values" unabandika fomula na besilaini itasogea pamoja na ratiba. Tofauti ni =NETWORKDAYS.INTL(D5,F5,11,Sikukuu)-1, ambapo D5 ni mwisho wa besilaini, F5 mwisho wa sasa, 11 ni Jumapili pekee kuwa mapumziko, na Sikukuu ni orodha ya tarehe uliyoipa jina. Ile -1 ni kwa sababu fomula inahesabu siku zote mbili za pembeni: 17 Julai mpaka 20 Julai inatoa 3, jibu ni 2, sawa na MS Project. Kazi ikiwahi, fomula inatoa namba hasi, hapo ni +1.